UCHAMBUZI: Simu yaweza kumtayarisha mgonjwa kwa upasuaji wa mishipa, ila nani ataipokea?

MGONJWA anayengoja upasuaji mkubwa wa mishipa ya damu humu nchini mara nyingi huondoka kliniki na mambo mawili pekee: tarehe ya kurudi na hesabu ya pesa zinazohitajika. Kati ya siku hiyo na siku ya kupasuliwa, ambayo huenda ikawa majuma sita au miezi sita, hubakia yeye na Mungu wake.

Anaporejea, pengine jioni ya kuamkia siku yenyewe, ndipo hugunduliwa kwamba shinikizo la damu limepanda, sukari haijadhibitiwa, damu imepungua mwilini au hajaacha sigara. Upasuaji huahirishwa. Aliyesafiri takriban kilomita 1,000 kutoka Mandera hurudi alikotoka, au hukaa kwa jamaa mtaani Eastleigh huku nauli ya kurudi nyumbani ikiishia kwenye chakula.

Ni pengo hili ambalo madaktari katika mataifa kadhaa wanajaribu kuliziba kwa njia ya simu na video. Wazo lenyewe ni sahili: majuma ya kungoja yahesabiwe kuwa sehemu ya matibabu. Mgonjwa apewe mazoezi, mashauri ya lishe, usaidizi wa kuacha tumbaku na marekebisho ya dawa akiwa kwake nyumbani, huku mhudumu wa hospitali akimfuatilia kutoka mbali.

Swali linalofaa kuulizwa nchini Kenya si iwapo teknolojia hiyo ipo. Simu tunazo hata vijijini. Swali ni iwapo kuna mtu atakayezungumza na mgonjwa huyo, na iwapo mtu huyo atakuwa na uwezo wa kufanya lolote akisikia habari mbaya.

Upasuaji wa mishipa mikubwa si sawa na kutolewa kidole tumbo. Anayepasuliwa aota, yaani mshipa mkuu unaopokea damu kutoka moyoni na kuisambaza mwilini, huwa kwa kawaida ni mtu ambaye mishipa yake mingi imechakaa, si huo mmoja tu. Huenda moyo wake haupati damu ya kutosha, figo zimechoka na mapafu yameharibiwa na moshi wa miaka mingi.

Aota ya tumboni, ambayo kwa kawaida ina upana wa takriban sentimita mbili, inaweza kufura polepole bila maumivu, mithili ya tyubu ya baiskeli iliyodhoofika upande mmoja. Ikipasuka, wengi hufa kabla ya kufikishwa mbele ya daktari.

Kuna njia ya kupitisha mrija wa kitambaa na waya kupitia mshipa wa paja, ambayo humwepusha mgonjwa na kisu kikubwa. Lakini si kila aota inakubali njia hiyo, na vifaa vyake ni ghali. Katika upasuaji wa kufungua tumbo, daktari huibana aota kwa koleo. Damu ya kwenda miguuni husimama, na moyo hulazimika kusukuma kana kwamba unasukuma ukuta. Koleo likiachiliwa, shinikizo huporomoka. Kisha huja siku kadhaa ambapo mwili unadai oksijeni nyingi zaidi ili kujiponya.

Kwa maneno mengine, mtu asiyeweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kuhema anatakiwa kufanya kazi ngumu kuliko hiyo akiwa kitandani, tumbo lake likiwa na mshono kutoka juu hadi chini. Ndiyo maana wataalamu wa dawa za usingizi hupenda kujua mgonjwa anaweza kutembea umbali gani kabla ya kumlaza mezani.

Ushahidi unaotajwa sana unatoka Hull, mji ulio kaskazini mwa Uingereza. Madaktari huko waliwagawa kwa kura wagonjwa 124 waliokuwa wakingoja kutengenezwa aota. Kundi moja lilifanya mazoezi hospitalini mara tatu kwa juma kwa muda wa majuma sita, na lingine likaendelea na maisha ya kawaida. Kulingana na matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2016, matatizo ya moyo, mapafu au figo baada ya upasuaji yaliwapata takriban asilimia 23 ya waliofanya mazoezi, ikilinganishwa na asilimia 42 ya wenzao.

Hiyo ni tofauti kubwa. Hata hivyo, ni vyema kutoisherehekea mapema. Watafiti wa shirika la Cochrane walipokusanya majaribio yote ya aina hiyo mwaka wa 2021, walipata manne pekee yenye jumla ya wagonjwa 232, na wakasema ushahidi huo ni dhaifu mno kutegemewa kwa uhakika. Aidha, waliofanya mazoezi kule Hull walikuwa wakienda hospitalini, chini ya macho ya wataalamu. Hawakuwa wakipigiwa simu.

Je, simu inaweza kuchukua nafasi ya macho hayo? Majibu ya karibu zaidi yanatoka Amerika, kwa wagonjwa wa mishipa ya miguu ambao misuli yao huuma wakitembea kwa sababu damu haifiki. Hawa si wagonjwa waliokuwa wakingoja kisu, lakini maradhi ni yale yale ya mishipa iliyoziba.

Katika jaribio moja lililochapishwa mwaka wa 2018, wagonjwa 200 walihusishwa. Baadhi yao walipewa kifaa cha kuvaa kinachohesabu hatua, pamoja na mashauri kwa njia ya simu. Baada ya miezi tisa, hawakuwa wakitembea mbali kuliko wale ambao hawakupewa chochote. Kifaa kilihesabu, mshauri akapiga simu, na miguu ikabaki ilivyokuwa.

Miaka mitatu baadaye, jaribio jingine la wagonjwa 305 lilitoa picha tofauti. Hapa pia simu ilitumika. Lakini kundi moja liliambiwa litembee kwa kasi hadi maumivu ya mguu yawe ya wastani au makali, lipumzike, kisha liendelee. Jingine lilitembea kwa raha zake. Baada ya mwaka mmoja, kundi la kwanza lilikuwa limeongeza zaidi ya mita 30 kwa umbali wa dakika sita za kutembea. Kundi la pili halikuongeza chochote cha maana.

Funzo lililomo ni la kuzingatiwa na yeyote anayepanga kununua programu ya simu kwa mamilioni ya pesa za umma. Kilicholeta tofauti ni kile mgonjwa alichoagizwa kufanya, na mtu aliyemuuliza kila juma iwapo amekifanya. Mzee akiambiwa na simu kwamba ametembea hatua 2,000, hiyo ni habari tu. Akiulizwa na muuguzi anayemfahamu kwa jina ni kwa nini hakutembea Jumanne, hapo ana wa kumjibu.

Waingereza walisukumwa kwenye njia hii na janga la Covid-19 mwaka wa 2020, wakati wazee wenye maradhi ya moyo na mapafu walipokatazwa kukaribia hospitali. Mazoezi ya pamoja yalifungwa, nayo simu na video zikachukua nafasi. Janga lilipopungua, foleni zilikuwa zimefura: kufikia Septemba 2023, orodha ya matibabu yanayongojwa England ilikuwa na takriban majina milioni 7.7. Waliobuni mipango ya huko walianza kusema kwamba kama watu lazima wangoje, basi wasingoje bure.

Kwa upande wa aota, Uingereza ina faida nyingine. Wanaume wote hualikwa kupimwa tumbo kwa picha ya mawimbi ya sauti wakifikisha umri wa miaka 65. Uvimbe ukifikia sentimita 5.5, mgonjwa hupelekwa kwa daktari wa upasuaji, na lengo ni apasuliwe ndani ya majuma manane. Majuma hayo manane ndiyo nafasi ya kumtayarisha.

Kenya haina mpango wa kitaifa wa kupima aota. Wengi hugunduliwa kwa bahati, wakipigwa picha kwa sababu nyingine, au maumivu yanapokuwa yamewazidi. Isitoshe, utafiti wa afya wa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba takriban asilimia 24 ya watu wazima walikuwa na shinikizo la juu la damu, na zaidi ya nusu ya watu wazima wote hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja maishani. Watu kama hao ndio wanaofika kwa daktari wa mishipa wakiwa wamechelewa.

Lakini Kenya ina kitu ambacho Hull haina. Mnamo Septemba 2023, Rais William Ruto aliwazindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, kila mmoja akitarajiwa kuwa na mkoba wenye mashine ya kupima shinikizo la damu, kipimo cha sukari, mizani na simu ya kunakili habari za nyumba anazozuru. Wahudumu hawa wanaishi katika vijiji vile vile wanavyohudumia. Wanajua nyumba ya mzee iko wapi na ni nani humpikia.

Kwa mgonjwa wa Mandera au Lodwar anayengoja kupasuliwa Nairobi au Eldoret, mpango hauhitaji kuwa mkubwa. Muuguzi mmoja wa hospitali ya rufaa awe na orodha ya wanaongoja. Apige simu kila juma, kwa Kiswahili au kwa lugha ya mgonjwa. Mhudumu wa kijiji apime shinikizo na sukari na kutuma nambari. Mgonjwa atembee kila siku, ajizoeze kuinuka kitini bila kushika kitu, avute pumzi ndefu mara kadhaa kwa siku ili kuyazoesha mapafu, na aache sigara angalau majuma manne kabla. Damu ikiwa pungufu, sababu itafutwe mapema, wala si siku ya kuletwa chupa za damu.

Kuacha sigara pekee, tuseme kweli, huenda kukamfaa mgonjwa kuliko mengine yote. Nalo ni jambo ambalo simu ya dakika kumi kila juma inaweza kulisaidia, kwa sababu anayeacha tumbaku huteleza mara nyingi kabla ya kufaulu.

Kuna hatari ambazo hazifai kufichwa. Kutembea si dawa ya kila mguu. Mwenye kisukari ambaye ana kidonda kwenye wayo, au yule ambaye mguu humuuma usiku akiwa amelala, anaweza kuumia zaidi akilazimishwa mazoezi. Huyo anahitaji kuonwa haraka, maana kila juma analongoja linaweza kugharimu kidole au mguu mzima. Mwenye uvimbe wa aota naye hafai kunyanyua magunia ili kujipa nguvu, na akipatwa na maumivu ya ghafla ya tumbo au mgongo, asingoje simu ya Jumatatu. Mambo haya hayaonekani kwenye simu ikiwa hakuna aliyemkagua mgonjwa kwa macho mwanzoni.

Aidha, simu ya nyumbani mara nyingi iko mikononi mwa mjukuu. Mzee asiyesikia vyema, au asiyekuwa na umeme wa kuichaji, ndiye mwenye hatari kubwa zaidi na ndiye wa kwanza kuachwa nyuma na mipango ya kielektroniki. Habari za ugonjwa wake nazo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019. Sheria hiyo haikutungwa ili nambari za shinikizo la damu za mwanakijiji zizunguke kwenye makundi ya WhatsApp.

Kisha kuna suala la pesa. Posho ya mhudumu wa afya ya jamii iliwekwa kuwa Sh5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti, na katika baadhi ya kaunti kumekuwa na malalamishi ya malipo kucheleweshwa. Kumwongezea kazi mtu ambaye hajalipwa ya jana ni kumtegemea mno. Nayo Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua mahali pa NHIF mnamo Oktoba 2024, itatakiwa kuamua iwapo simu ya muuguzi ya kila juma ni huduma inayolipiwa. Mtu akilazwa siku tano zaidi kwa nimonia baada ya upasuaji, gharama hiyo huonekana kwenye bili. Simu iliyozuia nimonia hiyo haionekani popote.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kumpaka mgonjwa mafuta kwa mgongo wa chupa: apigiwe simu huku madaktari wa mishipa wakiwa wachache na vitanda vya wagonjwa mahututi vikikosekana. Lalama hiyo ina uzito. Wakati wa mgomo wa madaktari wa mwaka wa 2024, uliodumu siku 56, hakuna mazoezi ambayo yangemfungulia mtu mlango wa chumba cha upasuaji. Mpango wa kuwatayarisha wagonjwa ukigeuzwa kuwa njia ya kuelezea ni kwa nini wamengoja mwaka mzima, utakuwa umepoteza maana.

Kwa sababu hiyo, kipimo cha kwanza cha mpango wowote kama huu kingekuwa kidogo na rahisi kuhesabika: ni upasuaji mwingapi ulioahirishwa siku yenyewe kwa sababu mgonjwa hakuwa tayari, na ni mwingapi ulioahirishwa kwa sababu hospitali haikuwa tayari. Hospitali ya rufaa inaweza kuanza kuweka hesabu hiyo mwezi huu kwa daftari na kalamu.

La pili ni jibu kwa mhudumu wa Mandera. Siku atakapotuma ujumbe kwamba shinikizo la damu la mzee ni 190, na upasuaji umebaki majuma mawili, ni lazima kuwe na daktari Nairobi aliyepewa jukumu la kuusoma siku hiyo hiyo, na duka la dawa Mandera lenye tembe atakazoagiza.