Tunauliza Mahari, Hatuulizi Maradhi



Posa ikija, sisi wanawake tunauliza mengi. Mahari kiasi gani, kijana anasali, anafanya kazi gani, mama yake ana tabia gani. Tukimpima bibi harusi gauni, tunaulizana mpaka rangi ya viatu. Suala moja hatuligusi: katika ukoo wenu kuna maradhi gani? Na tukiulizwa sisi tunanyamaza, tukiogopa binti yetu hataolewa. Kimya hiki kina madhara. Tuchukue mfano wa maradhi ya Wilson.

Jina hilo ni la daktari aliyeyaeleza mwaka 1912. Mwili wetu unahitaji madini ya shaba kidogo sana, nayo tunayapata kwenye chakula. Yanayozidi, ini huyatoa kupitia nyongo. Mwenye maradhi haya ini lake haliwezi kazi hiyo, basi shaba hujikusanya kwenye ini, kisha kwenye ubongo na macho. Ni maradhi adimu, hukadiriwa mtu 1 katika watu 30,000.

Dalili nyingi hutokea utotoni na ujanani, wakati ule ule wa posa. Macho huwa manjano, tumbo hujaa maji. Wengine mikono hutetemeka, ulimi huwa mzito, mwandiko huharibika, hasira na kilio haviishi. Hapo ndipo tunaposema kapandwa na shetani, au karogwa. Kusomewa Qur'ani ni kheri, lakini kisomo hakimzuii mtu kwenda hospitali, na Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kutafuta dawa. Ini likishaharibika kabisa, hubaki kupandikizwa jingine.

Hospitali hupima damu, shaba iliyomo kwenye mkojo wa siku nzima, na macho. Dawa zipo. Penisilamini, iliyoanza kutumika mwaka 1956, hutoa shaba kwa njia ya mkojo. Zinki huzuia shaba ya chakula isiingie mwilini. Mgonjwa hushauriwa pia kuepuka maini, pweza, chaza, korosho na chokoleti. Akiwahi, anaweza kuishi maisha yake kama wenzake, ila dawa ni ya maisha. Kujisikia mzima si ruhusa ya kuiacha.

Sasa mtazameni bibi harusi anayeficha vidonge ili mume na mawifi wasivione. Wageni wakijaa nyumbani, anaruka siku moja, kisha wiki. Akishika mimba anaacha kabisa kwa hofu, na hana wa kumuuliza. Wanawake wengi wenye maradhi haya wamezaa salama wakiwa kwenye dawa. Daktari ndiye anayebadilisha kipimo. Siri ndiyo itakayomuua huyu, si shaba.

Na hofu yetu ya ukoo tuipime vizuri. Mtoto huugua pale tu anaporithi kasoro kutoka kwa baba na mama wote wawili. Wazazi wakiwa wameibeba wote, nao ni wazima, kila mimba ina nafasi 1 katika 4 ya mtoto mgonjwa. Mgonjwa akiolewa na asiyeibeba, watoto huibeba tu, hawaugui. Watoto wa ami wakioana, nafasi ya wote wawili kuibeba huongezeka, kwani babu yao ni mmoja. Dini imeihalalisha ndoa hiyo na sisi hatuipingi. Tunasema waulize kwanza.

Basi mama, somo, na wewe bibi harusi: suala la maradhi liingie kwenye mazungumzo ya posa, kwa heshima na bila kunong'ona. Na ndugu mmoja akigundulika, wa tumbo moja wote wakapimwe hata wakiwa wazima, kwa sababu dawa huweza kuzuia dalili zisianze. Kumwambia mtu ukweli kabla ya ndoa ni amana, si aibu.

Allah awaponye wagonjwa wetu na azitie baraka ndoa zetu. Amin.