Kabla Hujanunua GTI, Tuongee

Hapa chuoni kuna ushauri mmoja tu wa gari, na unaupata bure kuanzia kwenye vimbweta hadi kwa mama ntilie: nunua IST. Ukiuliza kwa nini, jibu ni lile lile. Spea zipo, haili mafuta, ukitaka kuuza kesho unauza. Sina ugomvi na IST. Ninachopinga ni imani kwamba mtu mwenye bajeti ndogo hana haki ya kupenda kuendesha, kwamba akitamani gari dogo lenye mbio kidogo basi ni mhuni au mtoto wa kishua. Upande wa pili wapo wenzetu waliopotea kivyao. Kwao gari dogo lenye mbio ni Golf GTI, basi, na mtu yuko tayari kumshawishi mzee wake auze kiwanja ili yeye aegeshe moja mbele ya maktaba.

Naandika haya nikiwa na hela mezani, sio nadharia. Mimi na dada yangu tulichanga milioni 13. Yeye ni muuguzi, anaingia zamu za usiku. Mimi natengeneza simu na laptop za wanafunzi tangu mwaka wa kwanza. Hela hiyo haina ndugu yake. Tukiitumbukiza kwenye gari bovu, dada anaendelea kusubiri usafiri alfajiri kituoni peke yake, na mimi naendelea kubeba laptop za watu kwenye bodaboda. Kwa miezi minne tulikagua magari tisa, saba hapa Dar na mawili Morogoro. Dada alitaka gari linalowaka kila asubuhi. Mimi nilitaka gari ambalo nikikata kona nijue nimekata kona. Tulikubaliana kwamba lazima yote mawili yapatikane, la sivyo tunanunua IST na mimi nanyamaza.

Anza na namba moja inayosahaulika. Golf GTI ya kwanza kabisa, ile iliyoingia sokoni mwaka 1976 na kuifanya dunia iyachukulie magari madogo ya mlango wa nyuma kwa heshima, ilikuwa na injini ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi 110. Vitz RS ya lita 1.5 inayopita hapa getini bila mtu kugeuza shingo ina nguvu karibu hizo hizo. Ni nzito zaidi, sawa, kwa sababu ile Golf ilikuwa na kilo mia nane na kitu tu. Lakini unaona ninapoelekea. Raha iliyolijengea jina kundi hili la magari ilitokana na wepesi, usukani unaosikiliza na gia unayoipanga mwenyewe. Nguvu za farasi 200 zilikuja baadaye sana, na kwa mji wetu sijui utazitumia wapi. Kwenye makazi ni kilomita 50 kwa saa, kuna tochi, kuna matuta, na kuanzia saa kumi jioni Ubungo hadi Mwenge hata aliyeendesha lori anafika na wewe. Gari dogo jepesi unaweza kulifaidi kwenye kona ya kawaida, kwa mwendo halali. Lenye nguvu nyingi linakulazimisha uvunje sheria ndipo lianze kuonja mwendo wake.

Sasa tuiongelee hiyo GTI. Nyingi tunazoziona mjini kwa bei ya kuvutia ni za toleo la tano: lita 2.0, turbo, nguvu za farasi 200, giaboksi ya DSG ya gia sita. Ni gari zuri, na nililoendesha mimi lilinifurahisha kweli. Tatizo ni kwamba gari likizeeka bei yake ya kununulia inashuka, ila spea zake hazishuki nalo. Unalipa milioni chache kupata gari ambalo bado linadai matunzo ya gari la bei kubwa. Ile DSG inataka oili yake ibadilishwe kila kilomita 60,000. Muulize muuzaji akuonyeshe risiti uone atakavyokutazama. Ndani ya injini kuna kidude kidogo kinachokaa kati ya kemshafti na pampu ya mafuta ya presha. Kikilika bila kubadilishwa, kinachofuata kuliwa ni kemshafti yenyewe. Halafu petroli inanyunyiziwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo hakuna kinachoziosha valvu za kuingizia hewa, na masizi yanajazana huko hadi gari linaanza kutetema likiwa limesimama. Fundi anayeyajua haya yupo, lakini hayupo chini ya kila mwarobaini. Ndugu yake mdogo, Polo GTI ya lita 1.4, ina turbo na supachaja kwa pamoja, na DSG ya gia saba ya klachi kavu ambayo sifa zake mbaya zilienea dunia nzima. Hiyo dada aliikataa kabla sijamaliza kuieleza.

Wazee wa zamani watanitajia Starlet Glanza V. Lita 1.3, turbo, farasi 135, gari lenye uzito wa kilo mia tisa na kidogo. Naipenda, nani haipendi? Ila ilitengenezwa kati ya 1996 na 1999. Iliyo changa kabisa imeshapita robo karne, na iliyobaki hai imepita mikononi mwa vijana watano kama mimi, kila mmoja akiongeza presha ya turbo kidogo zaidi ya aliyemtangulia. Mwenye gereji yake mwenyewe aichukue kwa amani.

Kwenye Runx na Allex ndiko nilikojifunza zaidi, kwa sababu ndiko kwenye maneno mengi. Kweli ipo Runx ya moto: lita 1.8, injini ya 2ZZ, nguvu za farasi 190, gia sita za mkono, na ukivuka mizunguko kama 6,000 injini inabadilika sauti kama mtu mwingine kaingia kazini. Lakini nyingi zilizopo mjini ni za lita 1.5 au 1.8 ya kawaida, na bampa za kimichezo hazibadilishi kilichoko chini ya boneti. Dalali mmoja alituitia "Z Aero, mashine kabisa." Nikafungua boneti, nikasoma kibao cha chesisi: NZE121. Hiyo ni lita 1.5. ZZE122 ni 1.8 ya kawaida. Ya moto inaandikwa ZZE123, na ukiikosa hiyo namba, usiilipie. Nilipomwonyesha dalali kibao, akanijibu, "Kaka, injini ni injini." Nilicheka, maana kwa namna fulani alikuwa sahihi: ile 1.5 ni injini nzuri sana. Ila alikuwa anaiuza kwa bei ya nyingine.

Ukiniuliza gari bora la kuendesha kati ya yote tuliyoyaona, ni Suzuki Swift Sport, ile ya chesisi ZC31S iliyotengenezwa kuanzia 2005 hadi 2010. Lita 1.6, haina turbo, farasi 125, gia tano za mkono, cheni badala ya belti ya taimingi. Usukani wake unakuambia hadi kokoto uliyoikanyaga. Tulizipata mbili. Moja ilikuwa otomatiki ya gia nne, ambayo inaua nusu ya utamu. Nyingine ilikuwa ya mkono na tuliipenda wote, mpaka fundi wetu alipoingia chini na kukuta imechomelewa karibu na mguu wa mbele, rangi imepakwa juu kwa ustadi. Mwenye gari alisema hajui lolote. Inawezekana hakujua. Tukamshukuru, tukaondoka, na dada hakunisemesha mpaka Kibaha.

Kuagiza Japan tulikupigia hesabu. Kuna uhuru zaidi wa kuchagua, na karatasi ya mnada inakwambia mengi ukijua kuisoma. Ukiona daraja la R, gari hilo limewahi kugongwa likatengenezwa. Lakini magari haya sasa ni ya zamani. Kuna ushuru wa forodha asilimia 25, kuna VAT asilimia 18, kuna ushuru wa bidhaa, na juu yake nyongeza ya uchakavu kwa magari yaliyopita umri. Mwisho wa siku unaweza kuilipa TRA kiasi kinachokaribia bei ya gari lenyewe, au kuizidi. Wenzetu Kenya ndio basi kabisa, kwa sababu lililozidi miaka minane haliruhusiwi kuingia. Kwa milioni 13, soko letu lilikuwa hapa hapa mjini.

Tukanunua Vitz RS, chesisi NCP91, gia ya mkono, namba D, rangi ya fedha, milioni 10 kamili. Najua, najua. Vitz. Rafiki zangu wawili walicheka mbele yangu. Lakini ile injini yake ya 1NZ ndiyo iliyomo kwenye IST ya 1.5, kwenye Runx ya yule dalali, na kwenye Probox zinazobeba abiria kumi na mizigo. Koili ikifa saa mbili usiku, Kariakoo kesho yake asubuhi ipo, na fundi wa mtaani anaifunga huku anaongea na simu. Ni nyepesi, inakaa chini barabarani, gia zake fupi zinakushughulisha. Na kwa kuwa watu wengi mjini wanataka otomatiki, gari la mkono huwa linakaa sana kwa muuzaji. Huyu alishuka laki nane bila ya sisi kupayuka. Ubaya upo pia. Foleni ya Mandela na klachi ni mateso ya mguu wa kushoto, na siku tukitaka kuuza sisi ndio tutakaosubiri.

Kuhusu ukaguzi nitasema machache, maana kila mtu anajifanya anajua. Nenda na fundi wako, usitumie wa dalali. Nenda asubuhi, na umwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Injini ya baridi haijui kuficha. Sikiliza cheni inavyopiga sekunde za kwanza, angalia moshi wa bluu, maana baadhi ya hizi 1NZ zikichoka zinakula oili. Hakikisha namba ya chesisi inalingana na kadi, na uangalie faini za trafiki kwa namba ya gari kabla ya kulipa, usije ukarithi mbio za mwenzio.

Jambo ambalo halisemwi kabisa, na lililonitisha kuliko yote, ni mifuko ya hewa ya Takata. Magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 2000, Vitz na Honda Fit zikiwemo, yaliitwa kiwandani kwa sababu kifaa cha kujazia mfuko huo kinaweza kulipuka vibaya na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Kinachokiharibu ni joto na unyevunyevu wa miaka mingi. Soma tena sentensi hiyo ukikumbuka unaishi Dar es Salaam. Gari likishatoka Japan hakuna anayekufuata kukuambia. Unachoweza kufanya ni kuchukua namba ya chesisi na kuitafuta kwenye tovuti ya kampuni iliyolitengeneza, uone kama liliitwa na kama lilirekebishwa. Inachukua dakika tano. La kwetu lilikuwa limerekebishwa kabla ya kusafirishwa. Moja tuliloliacha Morogoro halikuwa limerekebishwa, na mwenye nalo ndio kwanza alisikia habari hizo kutoka kwetu.

Kuna watakaosema mwanafunzi na gari lenye mbio ni msiba unaosubiri tarehe. Hoja hiyo siidharau, tumezika wenzetu. Ndiyo maana hela ya kwanza baada ya kununua haikwenda kwenye ekzosi wala stika. Ilikwenda kwenye tairi nne mpya, kwa kuwa zile tulizozikuta zilikuwa na umri wa miaka tisa ingawa kashata zake zilionekana nzima. Tarehe ya kutengenezwa imeandikwa ubavuni mwa tairi, tarakimu nne, wiki na mwaka. Kisha shokapu za mbele, pedi za breki, oili na plagi. Kisha kuhamisha umiliki na bima ndogo.

Kwa hiyo hesabu ni hii: gari milioni 10, matengenezo na makaratasi milioni moja na laki sita. Inabaki milioni moja na laki nne, ambayo haiguswi kwa mwaka mzima isipokuwa gari likiharibika. Ipo kwenye akaunti ya dada. Mimi kadi sina, na namba ya siri sijaambiwa.