Haidrojeni ya Afrika Ilishe Kwanza Mashamba ya Afrika

Katika mikutano mingi ya miaka hii, haidrojeni itokanayo na maji na umeme wa jua, upepo au maporomoko huzungumzwa kana kwamba ni kitu kigeni kilichoteremka jana kutoka Ulaya. Si kweli. Kiwanda cha Kima, huko Aswan nchini Misri, kilianza mwaka 1960 kutumia umeme wa Mto Nile kutenganisha maji na kupata haidrojeni. Nchini Zimbabwe, kiwanda cha Sable mjini Kwekwe kiliifanya kazi hiyo hiyo tangu miaka ya 1970. Haidrojeni ile haikupakiwa melini. Iliunganishwa na naitrojeni ya hewani ikawa amonia, na amonia ikawa mbolea ya chumvichumvi kwa mkulima.

Yaliyotokea Kwekwe yastahili kuangaliwa kwa makini. Kilo moja ya haidrojeni hutokana na lita tisa hivi za maji, lakini hula uniti hamsini za umeme au zaidi. Kiwanda kile kilihitaji zaidi ya megawati 100 wakati taifa zima lilikuwa gizani mara kwa mara. Katikati ya miaka ya 2010 mitambo ya kutenganisha maji ikazimwa, na kiwanda kikabaki kutegemea amonia ya kuagizwa kutoka Afrika Kusini. Sayansi haikushindwa hapo; umeme ndio uliopungua.

Sasa upo mpango mkubwa karibu na Lüderitz, Namibia, unaolenga hasa kuuza amonia ng'ambo. Kuuza si dhambi. Lakini mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipozidi kupandisha bei ya mbolea, mkulima wa Afrika alilipa gharama ya kutegemea viwanda vya wengine.

Wapo pia wanaotaka haidrojeni iendeshe kila gari. Hao wana haraka mno. Treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza safari mwaka 2024, hupokea umeme wake moja kwa moja kutoka kwenye waya; kuugeuza kwanza kuwa haidrojeni, kisha kuwa umeme tena, kungepoteza zaidi ya nusu yake.

Afisa atakayeletewa mkataba wa namna hii mezani na aulize: je, umeme wa kiwanda utatoka kwenye mitambo mipya, au utapunguzwa vijijini? Na tani ngapi za mbolea zitabaki nchini, kwa bei gani, tangu mwaka wa kwanza?