Gitaa Letu Si la Shetani, na Hasira Yetu Si Ugonjwa

Jumamosi tatu zimepita na gitaa letu la umeme liko stoo, limefungiwa na kufuli. Halijaharibika. Limefungiwa kwa sababu ya maneno ya watu. Papa mmoja alipita karibu na ukumbi wa vijana saa kumi na moja jioni, akatukuta tunafanya mazoezi ya wimbo wa metali, akasimama dirishani kidogo, akatikisa kichwa, akaenda kushtaki kwamba tunaita mapepo. Wiki iliyofuata tukaambiwa tupumzike kwanza mpaka kamati ikae. Kamati inakaa mwisho wa mwezi huu, na sisi vijana tumepewa dakika tano za kujieleza. Dakika tano ni chache mno, ndiyo maana tunaandika hapa mapema.

Kwa ambao hawaujui muziki huu: metali ni mtoto wa roki. Gitaa linapitishwa kwenye amplifaya mpaka sauti inakwaruza, ngoma zinakwenda mbio, na mwimbaji mara nyingi haimbi kwa sauti tamu, ananguruma kama simba. Sisi tuko saba, wavulana watano na wasichana wawili. Tuna gitaa moja la umeme, moja kavu, besi na ngoma za kuazima. Bado hatujui kupiga vizuri sana. Lakini tumechoka kusikia maneno yale yale, tena mengi yanasemwa na watu ambao hawajawahi kukaa hata nusu saa kusikiliza.

La kwanza ni hilo la shetani. Hapa tuseme ukweli wote, tusifiche. Yapo makundi ya metali yanayomwimba shetani. Huko Norway mwanzoni mwa miaka ya 1990 kulikuwa na vijana wa muziki huu waliochoma makanisa, na wengine walifungwa. Hilo ni baya, hatulitetei. Lakini kuna kundi la Marekani linaitwa Stryper. Hao ni Wakristo, na miaka ya 1980 walikuwa wanapiga metali jukwaani huku wanawarushia watu Biblia. Albamu yao ya 1986 hata jina lake ni kumlaani shetani. Sasa gitaa ni lile lile, kelele ni ile ile. Shetani yuko wapi, kwenye nyuzi au kwenye moyo wa anayepiga? Wazee wetu wanalijua jambo hili kuliko sisi. Wapo hapa hapa kambini wanaosimulia jinsi walivyokatazwa kuingiza gitaa kanisani, eti ni chombo cha baa. Leo kwaya gani hapa inaimba bila gitaa?

La pili: "Huo ni muziki wa wazungu." Sawa, lakini hata gitaa lilitoka Ulaya, na leo nani atamwambia Mkongomani kwamba gitaa si lake? Mwenda Jean Bosco wa Katanga alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, akiwa na gitaa kavu moja. Ukisikiliza wimbo wake Masanga unaweza kudhani wamekaa watu wawili, kumbe ni yeye peke yake na vidole vyake. Na alikuwa anaimba Kiswahili, hiki hiki chetu. Baadaye wakaja akina Franco na Docteur Nico, na mwaka 2021 UNESCO ikaiweka rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Kwa hiyo kitu kinaweza kutoka mbali kikawa chako ukikipiga mpaka kikuzoee.

Tena roki yenyewe mama yake ni bluzi, na bluzi ni ya watu weusi wa Marekani. Wala hatuendi mbali. Botswana kuna makundi ya metali kama Skinflint na Overthrust, na mashabiki wao wanavaa ngozi nyeusi toka juu mpaka chini kwenye jua lile. Nairobi kuna vijana wawili waliojiita Duma, jina lililotoka kwenye neno la Kikikuyu la giza. Albamu yao ilitolewa mwaka 2020 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Kampala, hapa hapa Uganda tunapoishi! Sasa wazungu wako wapi?

La tatu: "Ni kelele tu, mtu yeyote anaweza kupiga hivyo." Hili linatuudhi zaidi ya yote. Mwenzetu mmoja alikuja kwetu akiwa tayari anapiga sebene vizuri, harusi zote za upande wetu anaitwa yeye. Alipotuona alicheka, akasema hii kazi ni ya siku moja. Ilimchukua zaidi ya mwezi. Mkono wa kulia unatakiwa kwenda juu na chini bila kupumzika, huku ukingo wa kiganja unagusa nyuzi ili sauti ikatike, isimwagike. Ukikaza sana sauti inakufa, ukilegeza inakuwa fujo kweli. Alikuja kukiri mwenyewe kwamba sebene na metali ni ndugu: yote yanataka kipande kimoja kirudiwe na kirudiwe, mkono uwe sawasawa na saa, usichoke kabla ya wachezaji kuchoka.

Na kuna habari ya Tony Iommi ambayo kila kijana wa hapa angepaswa kuijua. Alikuwa anafanya kazi kiwandani Birmingham, Uingereza. Akiwa na miaka 17, mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na kwa kuwa yeye anapiga kwa kushoto, hivyo ndivyo vidole vya kubana nyuzi. Mkubwa wake wa kazi akamletea sahani ya santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa ambaye moto ulimharibia vidole viwili naye hakuacha kupiga. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vikofia vya vidole, akatafuta nyuzi nyepesi, na baadaye akazilegeza zisimwumize. Sauti ikashuka, ikawa nzito. Ndiye yule wa Black Sabbath, kundi lililotoa albamu yake ya kwanza mwaka 1970, na wengi wanasema metali ilianzia hapo. Sauti mnayoiita ya mapepo ilitoka kwa kijana wa kiwanda aliyeumia kazini na akakataa kuacha.

La nne ni kuhusu dada zetu wawili. Wanaambiwa vidole vitakuwa vigumu, nani atawaoa. Jamani! Vidole vyao vilikuwa vigumu zamani, kwa madumu ya maji na kwa kuni, na hapo hakuna aliyelalamika.

La tano: "Nyinyi ni wakimbizi, mna shida kubwa kuliko gitaa." Hili linasemwa na wazee, na linasemwa pia na baadhi ya wafanyakazi wa mashirika, kwa upole zaidi. Shida tunazijua. Sisi ndio tunapanga foleni ya mgao, si lazima tukumbushwe. Lakini hebu muangalie Tinariwen, kundi la Watuareg. Ibrahim Ag Alhabib alitoka Mali akiwa mtoto baada ya baba yake kuuawa mwaka 1963, akakulia ukimbizini Algeria. Gitaa lake la kwanza alilitengeneza kwa kopo, kijiti na waya wa breki ya baiskeli. Mwaka 2012 kundi lake lilipata tuzo ya Grammy. Hatusemi na sisi tutapata Grammy. Tunasema hakuna aliyesubiri shida ziishe ndipo apige, kwa sababu zingekuwa haziishi.

Na anayesema gitaa halilishi, amwulize yule mwenzetu wa harusi. Analipwa kidogo, lakini ni chake. Halafu mbona mpira haulishi na hakuna anayefunga uwanja kwa kufuli?

Sasa tunakuja kwenye neno gumu zaidi, na hili tunawaambia ndugu zetu wa mashirika kwa heshima, maana wengi wenu mmetusaidia sana na baadhi yetu tunajitolea pamoja nanyi kila siku. Mmoja wenu alituambia, "Vijana hawa wamepitia mengi, muziki wa hasira utawaharibu zaidi. Kwa nini msiimbe amani?" Tunaimba amani. Tumeimba amani siku ya wakimbizi, tumeimba kunawa mikono, tumeimba ndoa za utotoni, na wageni wakija tunaimba tena na kupigwa picha. Hatukatai, nyimbo hizo zina kazi yake. Ila tunauliza: mkimbizi anaruhusiwa kuwa na huzuni kwenye ripoti na furaha kwenye picha, je, hasira anaruhusiwa wapi? Maana hasira tunayo. Mtu aliyefukuzwa kwao kwa bunduki halafu asiwe na hasira, huyo ndiye wa kutiliwa wasiwasi.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, waliwachukua wapenzi 39 wa muziki wa aina hii, wa miaka 18 hadi 34, wakawachokoza kwanza mpaka wakakasirika, kisha wakawaacha wengine wasikilize muziki wao na wengine wakae kimya. Waliosikiliza hawakuzidi kukasirika. Walitulia, na walisema wamejisikia vizuri zaidi. Ni watu 39 tu, na si wakimbizi, kwa hiyo hatusemi imethibitika kwa kila mtu. Lakini yule anayesema muziki huu unaharibu vijana ametuletea ushahidi gani?

Acrassicauda nao walikuwa kundi la metali la Baghdad, Irak. Vita vilipowazidi walikimbilia Syria, kisha Uturuki, na mwaka 2009 wakapokewa Marekani. Filamu ya habari zao ilitoka mwaka 2007. Ni wakimbizi kama sisi, na muziki wao ndio uliowaweka pamoja njia nzima.

Na sisi tuna mdogo wetu mmoja, ana miaka 16, jina hatutaji. Alifika mwaka jana na shangazi yake. Miezi ya kwanza alikuwa anakuja ukumbini anakaa pembeni, haongei. Akaanza kutusaidia kubeba spika. Kisha siku moja akaomba kujaribu ngoma. Jumamosi moja alipiga mpaka kijiti kimoja kikavunjika, akacheka kwa sauti, na hatukuwahi kumsikia akicheka. Hatukumwuliza kitu. Hakuna fomu ya kujaza. Sasa Jumamosi hizi tatu amekuja, ameangalia kufuli, amerudi nyumbani. Wiki iliyopita hakuja kabisa hata kuangalia. Huyo ndiye tunayemwazia tunapoandika haya.

Hatusemi hatuna makosa. Amplifaya ilikuwa juu sana, na jirani wa ukumbi ana mtoto mchanga. Hilo tumeenda kumwomba msamaha, na amepokea. Kwa hiyo tunaiomba kamati haya: turudishiwe saa zetu mbili za Jumamosi, kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja, wakati ambao hakuna ibada karibu. Sauti tutaishusha na madirisha tutayafunga. Ufunguo ashike mtu mzima ambaye kamati yenyewe itamchagua. Maneno ya kila wimbo tutayaandika kwa Kiswahili na kuyabandika mlangoni, ili anayetafuta shetani amtafute kwanza kwenye karatasi.

Na papa uliyetushtaki, hatuna kinyongo na wewe. Ulisikia kitu usichokijua, ukaogopa kwa ajili ya watoto, na mzazi ndivyo alivyo. Tukifunguliwa, karibu Jumamosi, lakini usisimame dirishani, ingia ndani. Tutakuwekea kiti karibu na mlango. Sikiliza nyimbo mbili tu, utuulize chochote. Ukichoka utuambie, tutakupigia sebene.