Hesabuni miaka kwanza

Mwandishi, kwenye orodha yako ya vyuo vyenye waliotuzwa umeipita SEKU, chuo kikuu cha Kwa Vonza, kama basi la Kitui lisilo na abiria wa kushuka. Nanyi mnaocheka hapo juu eti haijatoa mshindi hata mmoja wa Nobel, hesabuni miaka: chuo hicho kilipata hati yake 2013. Hata Wangari Maathai, mshindi wa Nobel, alingoja: alipata uzamivu Nairobi 1971, akafundisha anatomia ya mifugo, akaanza kupanda miche 1977, mwaka 1992 akapigwa rungu na polisi hadi akazirai. Tuzo ya mazingira ya Goldman ilikuja 1991, ya Nobel 2004. Miaka 33 tangu uzamivu! Basi SEKU muiulize 2046.