Tupime moto kabla ya kuwalaumu Zimamoto

Kila soko linapoungua Afrika Mashariki, kilio ni kile kile: Zimamoto wamechelewa, tena wamekuja bila maji. Owino ya Kampala iliungua mwaka 2009. Gikomba ya Nairobi iliungua Juni 28, 2018, watu 15 wakapoteza maisha. Kariakoo ikafuata Julai 10, 2021. Hatuwatetei wazembe, wawajibishwe. Lakini lawama bila hesabu hazizimi moto.

Tuanzie mzigo unakotoka. Liuhua, mbele ya stesheni ya reli ya Guangzhou, China, ni mtaa wa maduka ya jumla ya nguo. Maonyesho ya biashara ya Canton yalifanyika hapo kuanzia 1974 hadi 2008, na wafanyabiashara wetu wengi wanaujua mtaa huo. Nguo, nyingi zikiwa za poliesta ambayo ni plastiki iliyosokotwa, hufungwa marobota na kupakiwa kwenye kontena kwenda Dar es Salaam au Mombasa.

Wataalamu wa moto huuliza swali moja kwanza: joto kiasi gani linatoka kila sekunde? Kipimo chake ni kilowati na megawati. Chukua gogo la kilo 10 na vijiti vya kilo 10. Jumla ya joto ni karibu sawa, ila vijiti hulitoa kwa dakika chache. Ndivyo lilivyo robota lililobanwa, na ndivyo yalivyo magauni yale yale yakitundikwa kutoka sakafuni hadi darini.

Kasi hiyo hupimika. Kitu huchomwa chini ya dohani, moshi hukusanywa, kisha oksijeni iliyotumika hupimwa. Kila kilo ya oksijeni huambatana na joto la megajuli 13 hivi, iwe inaungua mbao, pamba au plastiki. Mwaka 1982 Vytenis Babrauskas wa Marekani alitangaza chombo cha maabara cha kazi hiyo, kalorimita ya koni.

Sasa hesabu. Moto unaohesabiwa kuwa wa kasi hufikia megawati 1 kwa dakika mbili na nusu. Muda ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne: dakika ya 5 ni megawati 4, dakika ya 10 ni 16, mradi hewa na mali ya kuungua vipo. Lita 1 ya maji ikigeuka mvuke yote hunyonya megajuli 2.6 hivi, lakini maji mengi humwagika bure. Gari lenye lita 5,000 likirusha lita 10 kwa sekunde, huishiwa kwa dakika 8 na ushei. Gari hilo halikuja tupu. Limezidiwa.

Kwa hiyo tunasema: TBS, KEBS na UNBS zipime nguo, magodoro na mapazia yanayojazwa masokoni. Halmashauri zisigawe fremu mpya bila kujua megawati zinazopangwa humo, na visima vya maji ya Zimamoto vilingane na hesabu hiyo. Askari wa Zimamoto wafundishwe kipimo hiki, nao wafanyabiashara waache njia wazi kati ya vibanda.

Serikali inajua kuhesabu ushuru wa kila kontena linaloingia. Ihesabu pia joto lililomo ndani yake, maana likilipuka usiku, mtaji wa miaka 20 huondoka kabla ya alfajiri.