Jiwe Ulilolirusha Mwenyewe

Jiwe linalovunja kioo cha nyuma cha gari linalovuta karavani halitoki mbali. Linatoka chini ya tairi la gari hilohilo. Tairi la nyuma linalichomoa barabarani na kulirusha, linagonga uso wa karavani au sanduku la mitungi ya gesi, kisha linarudi mbele na kukutana na kioo. Dereva anashtuka, anasimama, anashuka kumtafuta aliyemrushia. Hakuna mtu. Yupo yeye na vumbi lake.

Nabadilisha vioo vya magari Alice Springs, katikati ya Australia, na wateja wa aina hii nawatambua kabla hawajafunga breki. Gari limevikwa kila kitu: chuma mbele, wavu kwenye taa, plastiki juu ya boneti, pazia la turubai kati ya gari na trela. Na nyuma, pale palipokuwa na kioo, kuna mfuko wa taka uliobandikwa kwa gundi. Swali la kwanza ni lilelile: nifunge kinga gani nyingine? Hakuna anayeniuliza aende mwendo gani. Ugomvi wangu ni na swali hilo, na biashara nzima iliyojengwa juu yake.

Sisemi kinga hazifai. Zinafaa, ukielewa kazi yake. Kioo cha mbele kimetengenezwa kwa tabaka mbili zilizogandishwa pamoja. Kikipigwa kinapata alama au ufa, lakini kinashikamana, na ukiwahi alama ndogo inazibwa kwa gundi maalumu. Kioo cha nyuma kwa kawaida ni kigumu cha tabaka moja. Hakipati ufa. Kinamwagika chote mara moja, punje kwa punje, juu ya watoto na magodoro. Baada ya hapo hewa iliyo nyuma ya gari linalokimbia inavuta vumbi lote ndani, na zimebaki kilomita 300 kufika penye fundi. Kwa hiyo kukikinga kioo hicho ni akili.

Lakini ngao ngumu iliyosimama wima mbele ya karavani hailizuii jiwe, inalirudisha. Kinachosaidia ni wavu ulioinama, ili jiwe lielekezwe chini, au kitu laini kinachomeza pigo. Kipande cha boksi au sponji kilichofungwa vizuri juu ya kioo cha nyuma kinafanya kazi nzuri kwa bei ya karibu bure. Mipira mizuri inayoning'inia nyuma ya matairi inazuia mawe mengi yasianze safari. Na ukiifunika rangi ya gari kwa plastiki isiyobana, vumbi litaingia chini yake na kuisugua rangi kama msasa mchana kutwa. Nimeona magari yaliyoharibiwa na kinga kuliko na mawe.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo dukani huwezi kulinunua. Nishati ya kitu kinachokwenda hupanda kwa mraba wa mwendo wake. Ukishuka kutoka kilomita 100 kwa saa hadi 60, kinachobaki ni asilimia 36 tu. Hakuna wavu unaotoa punguzo la namna hiyo, na hili halina bei. Ukipunguza pia upepo wa matairi kiasi, mpira unalainika, unalikanyaga jiwe badala ya kulifyatua. Tairi laini haliruhusu kukimbizwa, linapata moto na kupasuka, na mimi naiona hiyo kuwa faida nyingine: linakulazimisha ukubali mwendo ambao barabara ilikuwa inakuomba tangu mwanzo. Ukirudi kwenye lami, unajaza upepo, unaendelea.

Wenzangu wa trela wana majibu. La kwanza ni kwamba barabara zenye mikunjo kama bati zinataka kasi, kwani ukifika 80 au 90 gari linaelea juu ya mikunjo na mtikisiko unaisha. Ni kweli mtikisiko unapungua. Lakini kuelea maana yake tairi linagusa ardhi kidogo tu, na tairi lisilogusa ardhi halifungi breki wala halikati kona. Nyuma yako kuna karavani ya tani mbili inayoyumba. Huo utulivu unaosikia kwenye usukani ni wa kukopa.

Jibu la pili: hata nikienda polepole, malori yatanirushia tu. Huko yapo malori ya kuvuta matrela matatu au zaidi, yenye urefu unaofika mita 53.5, na mawe yanarusha kwelikweli. Lakini tazama hesabu ya tukio lenyewe. Mara nyingi jiwe lililorushwa na gari linalokuja liko hewani tu, limepoteza kasi, na kioo chako ndicho kinacholifuata kwa kilomita 100 kwa saa. Punguza, sogea kushoto, simama kabisa lori lipite, na sehemu kubwa ya pigo hilo itakuwa haipo, kwa sababu ilikuwa yako.

Jibu la tatu halisemwi kwa mdomo, lakini ndilo linalonichosha: gari langu limekingwa, basi naweza kukimbia. Hapa ndipo ngao inapogeuka silaha. Wavu wako unakinga kioo chako. Haumkingi anayekuja mbele yako, wala anayekufuata. Kadiri unavyojiona salama ndivyo unavyokanyaga mafuta, na kadiri unavyokanyaga ndivyo mawe yako yanavyowafikia wengine kwa nguvu. Mkuki kwa nguruwe.

Na wengine wapo. Matangazo ya safari hizi yanaionyesha nchi tupu: barabara nyekundu, anga, gari moja. Si tupu. Barabara ya Great Central, inayotoka Laverton kuelekea Uluru, inapita Warburton, ambako watu wa Ngaanyatjarra wana nyumba zao. Barabara ya Tanami inapita Yuendumu, kwa Wawarlpiri. Barabara ya Gibb River, yenye kilomita zipatazo 660, ilijengwa kusafirisha ng'ombe, na leo bado ndiyo njia ya wenyeji kwenda dukani, zahanati na mazishini. Magari yao ni ya zamani, hayana wavu wala bima ya kubadilisha kioo bila kuuliza bei.

Mwaka mmoja, msimu wa baridi ambao ndio msimu wa watalii, mama mmoja alileta gari lenye ufa uliokata kioo cha mbele kutoka ukingo hadi ukingo. Alipishana na msafara wa magari manne yenye karavani. "Hawakupunguza," aliniambia. "Walituona, wakapita." Kioo cha gari lake hatukuwa nacho, ilibidi kiagizwe Adelaide, zaidi ya kilomita 1,500 kusini. Alisubiri siku sita mjini na mama yake mzee, kwa gharama yake. Jioni ileile nilimfungia mtu mwingine kioo cha nyuma, na akanieleza kwa nusu saa jinsi barabara za huku zilivyo katili.

Barabara si katili. Ukifuata njia ya Birdsville, kando ya jangwa la mawe linaloitwa kwa jina la Charles Sturt, aliyepita huko mwaka 1845, utaona kokoto za rangi ya kutu zimetandazwa hadi upeo wa macho. Zimekaa kimya tangu enzi. Haziruki zenyewe.

Kwa hiyo anayeniuliza afunge kinga gani, namjibu kwa mpangilio, na mpangilio ndio hoja. Kwanza nunua kipima upepo na pampu. Pili panga safari ya siku mbili iwe ya siku tatu, maana anayekimbia huku mara nyingi ameshachelewa kwenye karatasi kabla hajawasha gari. Tatu, kila unapopishana na mtu, punguza na usogee kushoto, awe na lori au na kigari kibovu. Ukishayafanya hayo matatu, rudi tuzungumze habari ya wavu. Nitakufungia, na nitauinamisha vizuri.

Asiyetaka kuyafanya, anunue anachotaka. Vioo ninavyo, na kila tarehe ya mwisho wa mwezi wateja kama yeye ndio wanaonilipia kodi ya nyumba. Lakini asiniambie kwamba alirushiwa jiwe.